Mashine Kuukuu ya Kahawa Si Pambo la Kaunta

Katika mikahawa mingi ya siku hizi, Milano na London zikiwemo, kuna kitu kinachowekwa kaunta ili kipigwe picha. Ni mashine ya espreso ya miaka ya 1950, mwili wake wa kromu unameta kama bampa la gari la harusi, na mikono yake miwili au mitatu imesimama wima kama pembe za ng'ombe wa Ankole. Juu yake, mahali ambapo zamani vikombe vilipangwa ili vipate joto, pamewekwa kopo la maua. Kahawa yenyewe inatoka kwenye mashine nyingine iliyojibanza pembeni, ambayo barista anaibonyeza kitufe kisha anageuka kupokea oda ya mteja anayefuata. Kwangu mimi huo ni ubadhirifu. Mashine ya mkono haikutengenezwa ili itazamwe. Inatoa kikombe ambacho mashine ya kitufe haikitoi kwa kawaida yake, na sababu ya tofauti hiyo inaelezeka kwa fizikia ya sekondari, bila kumtaka mtu kwanza ayaabudu ya kale. Anayependa kahawa akibahatika kuikuta inafanya kazi, na aionje. Mwenye mkahawa aliyenayo, na amwite fundi, aiwashe.

Tuondoe kwanza dhana moja ambayo hata mashabiki wa mashine hizi huieneza. Watu humwona barista akiuvuta ule mkono chini, mishipa imemtoka, wakadhani yeye ndiye anayeikamua kahawa. Sivyo. Anachofanya ni kuibana springi nzito iliyomo ndani ya kile kichwa cha shaba. Mkono ni wenzo, kama ule wa kwenye vitabu vya shule: ncha ndefu ya kushikia, egemeo, na ncha fupi inayoinua mzigo. Mkono ukishuka, pistoni inapanda. Pistoni ikipanda, tundu linafunguka, na maji ya moto kutoka kwenye boila yanaingia chini yake na kuilowesha kahawa iliyoshindiliwa kwenye chujio, gramu saba hivi kwa kikombe kimoja. Hapo barista anangoja. Sekunde tano, nane, pengine kumi, kutegemea buni na mazoea yake. Unga unakunywa maji, unavimba, na matone meusi mawili matatu yanaanza kuning'inia chini ya chujio. Ndipo anausindikiza mkono juu kidogo mpaka asikie springi imeshika, anauachia, na kuanzia hapo hana kazi tena ila kutazama. Springi inajinyoosha, pistoni inayasukuma maji, mkono unapanda wenyewe taratibu, na kahawa inateremka kama uzi wa asali: kwanza ya hudhurungi iliyokoza, kisha ya rangi ya mbao ya mninga, kisha inaanza kupauka kuelekea manjano, na hapo kikombe huondolewa. Jambo zima, tangu mkono uvutwe, halifiki dakika moja.

Ukitaka kujua thamani ya springi hiyo, tazama ilichukua nafasi ya nini. Luigi Bezzera wa Milano aliandikisha hataza ya mashine yake mwaka 1901, Desiderio Pavoni akazinunua haki hizo, na mwaka 1906 mashine hiyo ikaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya kimataifa ya jiji hilo hilo. Ilikuwa mnara wa shaba uliopambwa kama kuba, lakini nguvu yake ilikuwa ya mvuke tu. Mvuke ule uliyasukuma maji kwa mgandamizo usiofika hata ule wa tairi la gari dogo lililojazwa upepo sawasawa. Kuongeza nguvu ilikuwa haiwezekani bila kuongeza moto, kwa sababu ndani ya boila iliyofungwa joto na mgandamizo ni pacha, na maji yakizidi moto yanaiunguza kahawa. Kwa hiyo wateja wa wakati ule walikunywa kinywaji cheusi, chembamba, chenye harufu ya kuungua, kisicho na povu. Achille Gaggia, mwenye baa wa Milano, ndiye aliyevitenganisha vile viwili. Mwaka 1938 aliomba hataza ya kifaa cha pistoni. Baada ya vita akaiongezea springi na mkono, na mwaka 1948 mashine zake zilikuwa zimeanza kuuzwa. Sasa boila ilifanya kazi ya kupasha moto na springi kazi ya kusukuma, kwa nguvu ya kama mara nne ya lile tairi. Juu ya kikombe likatokea povu zito la rangi ya dhahabu ambalo halikuwahi kuonekana hapo kabla. Husimuliwa kwamba wateja wa kwanza walilitilia shaka wakidhani ni uchafu, na Gaggia akalipa jina la krema ya kahawa. Kwa maneno mengine, kinywaji ambacho dunia nzima leo inakiita espreso, chenye krema juu, kilizaliwa chini ya mkono huu. Hata udogo wa kikombe chake unatokana na hapo, kwani kile chumba kilichomo chini ya pistoni hakipokei maji zaidi ya kiasi chake.

Mwaka 1961 kampuni ya Faema ikatoa mashine ya E61, iliyopewa jina kwa ajili ya kupatwa kwa jua kwa mwaka huo, nayo ikaweka pampu ya umeme mahali pa springi. Ilikuwa mashine nzuri, na bado ni nzuri. Barista hakuhitaji tena misuli, na mgandamizo ulibaki pale pale kuanzia tone la kwanza hadi la mwisho. Hilo la pili lilihesabiwa kuwa maendeleo, na mimi ndilo ninalolitilia shaka.

Springi iliyobanwa sana husukuma sana, na kadiri inavyojinyoosha ndivyo nguvu yake inavyopungua. Hiyo ni sheria ya Hooke, na mwanafunzi yeyote aliyewahi kutundika mawe ya mizani kwenye springi ya maabara anaikumbuka. Basi kahawa ya mashine ya mkono huanza kukamuliwa kwa mgandamizo wa kama mara nane au tisa ya ule wa hewa inayotuzunguka, kisha unashuka bila kusimama hadi mara nne hivi kikombe kikikaribia kutosha. Pampu haifanyi hivyo. Inasukuma kwa mara tisa kwenye sekunde ya tano na kwa mara tisa kwenye sekunde ya ishirini na tano. Sasa itazame kahawa yenyewe. Mwanzoni unga ulioshindiliwa ni mgumu na unayazuia maji. Kila sekunde inayopita, maji yanaondoka na asidi, na sukari, na mafuta, na chembe ndogo ndogo, na unga unalegea. Ukizidi kuusukuma kwa nguvu ile ile, maji yanaanza kukimbia, yanajitafutia vijia penye udhaifu, yanang'oa uchungu na ukakasi ambao kwa desturi hutoka mwishoni. Springi, isiyo na akili wala kompyuta, inalegeza wakati ule ule kahawa inapolegea. Joto nalo linashuka pamoja nayo. Maji yaliyonaswa chini ya pistoni yameshatengana na boila, hakuna mengine yanayoongezwa, na shaba nzito inayoyazunguka inayanyang'anya digrii kadhaa kabla hayajaisha. Maji yaliyopoa kidogo na yanayosukumwa kwa upole huchota uchungu mdogo. Matokeo yake, mashine ikiwa nzima na mtu wake akiijua, ni kikombe kizito, chenye utamu uliotulia, kisichokwaruza koo, na ambacho ladha yake hukaa ulimini muda mrefu baada ya kikombe kurudi sahanini.

Mpinzani makini ana haki ya kuniuliza: umejuaje kwamba ni springi? Swali lake ni zuri kuliko majibu mengi wanayopewa watu mikahawani. Mashine ya mkono haiji peke yake. Mara nyingi inakaa katika baa ambayo buni yake imekaangwa sana, vikombe vyake ni vizito na vya moto, barista wake ana miaka mingi kazini, na mteja amekuja akiwa tayari amevutiwa na kromu. Kila kimoja kati ya hivyo chaweza kuufanya uchungu upungue mdomoni au uonekane umepungua. Mtu akinywa espreso tamu Napoli kwenye mashine ya mkono, kisha akanywa nyingine kali kwenye kituo cha treni kwenye mashine ya pampu, hajalinganisha mashine. Amelinganisha mambo kumi kwa mpigo. Nakubali. Ndiyo maana sitaki kuitetea mashine hii kwa masimulizi ya wasafiri. Naitetea kwa kile kinachopimika: saa ya mgandamizo ikifungwa kwenye kichwa cha mashine ya springi, mshale hushuka, ikifungwa kwenye mashine ya kawaida ya pampu, mshale husimama. Mtambo ni tofauti, na tofauti hiyo inaangukia sehemu ile ile ya ukamuaji ambako uchungu hutoka. Baada ya hapo, ulimi unabaki na kazi ya kuthibitisha, na unapaswa kupewa buni ile ile, iliyosagwa na kukaangwa na mtu yule yule. Anayefanya hivyo na asione tofauti, sina ugomvi naye.

Napoli inastahili tukae kidogo, kwa kuwa huko mashine ya mkono haikurudi kama mtindo, haikuondoka. Wakati sehemu kubwa ya Italia ilihamia kwenye pampu, baa za Napoli ziling'ang'ania mikono yao, na mpaka leo kuna mafundi na viwanda vinavyoishi kwa kuzitengeneza. Vikombe hukaa ndani ya maji yanayochemka na huokolewa kwa koleo, hivi kwamba mgeni asiyejua huunguza mdomo kabla hajaionja kahawa. Anapewa glasi ya maji kwanza, asafishe ulimi. Na kwenye chujio, juu ya arabika, mara nyingi kuna robusta. Hapo ndipo habari hii inapogusa Ziwa Victoria. Italia kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa kahawa ya Uganda, na kahawa ya Uganda kwa sehemu kubwa ni robusta. Ng'ambo ya mpaka, Kagera, robusta ni zao la asili ambalo Wahaya walikuwa wakilichemsha pamoja na majani yenye harufu, wakalikausha na kumkaribishia mgeni alitafune, tangu kabla Mzungu hajafika kulinunua.

Sifa ya robusta duniani si nzuri. Inasemwa ni kahawa ya bei ya chini, chungu, yenye ladha ya ubao, na kwamba mahali pake ni ndani ya kopo. Kopo lenyewe Watanzania tunalijua: Africafe ya Tanica, pale Bukoba. Ila kuna mambo mawili ambayo robusta huyafanya vizuri kuliko arabika. Ina kafeini kama mara mbili, na mafuta yake ni machache. Mafuta huua povu, kama anavyojua kila aliyewahi kuosha sufuria ya pilau kwa sabuni kidogo. Kwa hiyo robusta huinua krema nene isiyotoweka upesi. Kinachoiangusha ni ule mwisho wa ukamuaji, pale ukali wake wa ubao unapotoka. Na mwisho huo ndio ambao springi huupunguzia nguvu. Kwa maoni yangu si bahati kwamba mji ulioshikilia mkono ndio pia ulioshikilia robusta, vinafaana. Wanaoihukumu robusta yetu kwenye mashine inayoisukuma kwa nguvu zote hadi tone la mwisho, kisha wakaandika kwamba ni chungu, wameipima kwa mizani isiyo yake. Robusta iliyochumwa mbichi na kuanikwa ardhini itabaki mbaya hata ikamuliwe na springi ya dhahabu. Lakini ile iliyochumwa ikiwa imeiva, ikaanikwa juu ya chanja, ikakaangwa na anayejua, ingestahili kusikilizwa mahali inapozungumza vizuri. Inasikitisha kwamba mkulima wa Muleba au Masaka ana nafasi ndogo sana ya kuionja kahawa yake ikitoka hivyo, ingawa mnywaji wa kahawa chungu wa Unguja au Mombasa, aliyezoea kikombe kidogo, cheusi na kipande cha kashata, angeielewa mara moja bila mhadhara.

Lawama inayorudiwa zaidi dhidi ya mashine ya mkono ni kwamba inachelewesha na haitabiriki. La kuchelewesha nalikataa. Baa zenye pilika za Napoli huhudumia umati kwa mashine hizi, kwa sababu springi ikishashika, mikono ya barista iko huru: mkono mmoja unapanda wenyewe, yeye anashindilia chujio la pili, anakung'uta la tatu. La kutotabirika nalikubali, na sitalifunika. Mashine nyingi za zamani hazina cha kulitawala joto la kichwa. Zikikaa bila kazi, baadhi hupoa na nyingine hupata moto kupita kiasi. Zikifanyishwa kazi mfululizo, kikombe cha kumi huwa na maji ya moto kuliko cha kwanza. Barista asiyejua atakupa kahawa chachu asubuhi na ya kuungua saa sita. Anayejua atamwaga maji kidogo kabla ya kukamua, au ataacha kichwa kimoja kipumzike, au atabadilisha usagaji. Hivyo ubora wa kikombe unarudi kwa mtu, na hilo kwa mwenye biashara ni hatari. Naielewa hofu yake. Ila mashine ya kitufe haiondoi kahawa mbaya. Inaihakikishia tu isibadilike, ikitoka mbaya ile ile mara mia tatu kwa siku. Tena mkono una faida moja ambayo kitufe hakina: unasema. Usagaji ukiwa wa chenga, barista anausikia mkono ukipanda upesi kuliko desturi. Ukiwa laini mno, unasimama kama punda aliyekataa kwenda. Kosa linafika kiganjani kabla halijafika mezani kwa mteja.

Wengine watasema hayo yote sasa yanafanywa na programu. Ni kweli, na ni hoja yenye nguvu kuliko ya uchelewaji. Kuna mashine za pampu zinazoweza kuagizwa zianze na mgandamizo wa juu na kuushusha hatua kwa hatua, kama springi, zikishika joto kwa usahihi ambao Gaggia asingeuota. Mwenye fedha za kuinunua mashine hiyo na ujuzi wa kuipanga hana sababu ya kuhangaika na kromu ya 1955. Lakini tazama kilichotokea hapo: baada ya kusema kwa miongo kadhaa kwamba mgandamizo usiobadilika ndio ukamilifu, wahandisi wamerudi kuiiga springi. La Marzocco, kampuni iliyoanzishwa Firenze mwaka 1927 na ambayo mashine zake za pampu zimejaa mikahawa ya kifahari duniani, miaka ya karibuni ilitoa mashine mpya ya wenzo na kuiita Leva, yaani wenzo tu. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na hapa kipya kimekwenda kumuuliza babu. Kinachoigwa kwa gharama kubwa hakiwezi kuwa takataka pale kilipo cha asili, kimesimama kaunta na kopo la maua kichwani.

Kuna mahali ambapo namuachia mpinzani uwanja mzima. Kahawa iliyokaangwa kidogo, kwa mfano arabika ya Nyeri yenye uchachu wa matunda, mara nyingi haifaani na mashine hizi za zamani. Buni yake ni ngumu, inadai maji ya moto yasiyopoa na nguvu isiyolegea, la sivyo inatoa uchachu mtupu bila utamu wa kuubeba. Anayeipenda kahawa hiyo aifuate kwenye mashine ya kisasa, au aitengeneze kwa kumwagia maji juu ya chujio la karatasi, ambako itang'aa. Mashine ya mkono ilikua pamoja na buni iliyokaangwa sana na imebaki na tabia za malezi yake. Na kwa kuwa tumefika kwenye mambo ya kweli ya kila siku: baadhi ya mashine hizi hupashwa moto kwa gesi na hazina pampu, kwa hiyo mgao wa umeme hauzizimi. Kabla mwenye mkahawa wa Dar es Salaam hajashangilia, akumbuke kwamba mashine ya kusagia bado inataka umeme.

Suala la usalama halina utani. Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko, na boila ya miaka sabini ina ukoko wa kweli, magamba ya chokaa yaliyogandamana ndani ya mabomba. Baadhi ya mashine za enzi zile zilifungwa kwa asbesto ili zisipoteze joto, na maungio yake mengine yalitiwa risasi, madini ambayo hayapaswi kukaribia maji ya kunywa. Vali ya usalama iliyoganda kwa kutu ni bomu lililopakwa kromu. Mkono wenyewe nao si mchezo: chujio likifunguliwa springi ikiwa imebanwa, au kahawa ikiwa chache mno kuizuia, mkono huruka juu kwa nguvu ya kumvunja mtu taya, na mabarista wa zamani hufundishwa kusimama pembeni mwa njia yake. Hizi zote ni sababu za kuitengeneza mashine kabla ya kuitumia, na si kuipaka rangi tu. Boila ifunguliwe, ipimwe, asbesto iondolewe na anayeruhusiwa kuiondoa, mipira na vali vibadilishwe vyote, springi ipimwe kama bado ina nguvu yake. Mteja ana haki ya kuuliza kama hayo yamefanyika. Mkahawa usiojua jibu usiiwashe, na hapo hata mimi nitaliunga mkono kopo la maua.

Pingamizi jingine ni la siasa zaidi, na kwa msomaji wa Afrika lina uzito. Kwa nini tuzisifie mashine za Waitaliano, wakati historia ya Waitaliano pembeni mwetu ni ya ukoloni? Asmara ndiyo mfano wenyewe. Mji huo uliojengwa upya na watawala wa Kitaliano, na ambao mwaka 2017 uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kwa majengo yake, una mikahawa ambamo mashine kuukuu za Kitaliano zimeendelea kutoa espreso na makiato. Chini ya utawala ule Mwafrika alitengwa; mitaa mizuri na kumbi zake havikuwa vyake. Lakini kalenda inasema jambo. Utawala wa Italia Eritrea uliisha mwaka 1941, na mashine ya springi ilianza kuuzwa mwaka 1948. Mashine ya mkono, basi, haikufika na gavana. Ilifika baada yake, pamoja na wafanyabiashara, na waliozitia maisha marefu kupita yaliyokusudiwa na kiwanda ni mafundi Waeritrea waliochonga vipuri wenyewe pale vilipokosekana. Ukiniuliza urithi wa mashine hizo ni wa nani leo, nitamtaja aliyezifungua na kuzifunga mara mia, si aliyebandika nembo. Na mafundi wa namna hiyo hawajaisha upande huu wa Afrika; anayeweza kulifufua lori la Bedford anaweza kuifufua pistoni ya shaba yenye mipira michache.

Sasa mtu akiikuta mashine ya namna hii inafanya kazi, aionje vipi? Aende saa za watu wengi, si saa tisa alasiri mkahawa ukiwa mtupu. Aagize kikombe kimoja kisicho na maziwa, maana maziwa hufunika uzuri na ubaya kwa pamoja. Asikimbilie meza; asimame pale kaunta aone. Je, chujio limefutwa kabla ya kutiwa unga mpya? Mkono ulipofika chini, barista alingoja, au aliuachia papo hapo kama anayeua nzi? Kikombe kilikuwa cha moto? Alikiondoa uzi ulipopauka, au aliacha maji yaendelee kudondoka ili kijae? Majibu ya maswali hayo yatamwambia zaidi kuliko tarehe iliyochorwa kwenye kibati cha kiwanda. Nusu ya kwanza ainywe bila sukari, ya pili aitie, kwa sababu Napoli wengi huitia na hawamwombi mtu radhi. Kama mkahawa una mashine zote mbili, aombe buni ile ile ikamuliwe kwa pampu pia, alipie vikombe viwili, na arudi siku nyingine afanye vile vile, kwani mashine hizi zina siku zao kama watu. Akigundua kwamba anakipenda cha pampu, akinywe kwa raha zake. Na kama mikono imesimama, kromu inameta, lakini sehemu ya kuwekea vikombe ina maua, basi aagize chai.